Namna ya Kujikinga na Kisukari kwa Shughuli za Kila Siku: Mwongozo kwa Mkazi wa Tanga

Mwongozo huu nimemwandikia mtu ambaye bado hajapata kisukari lakini ana sababu ya kukiogopa: mzazi wake anacho, au aliwahi kupanda sukari akiwa mjamzito, au amepimwa akaambiwa kwamba sukari yake imepanda kidogo ingawa haijafikia kiwango cha ugonjwa. Ninazungumzia kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata watu wazima walio wengi. Kile cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni, hutokana na kinga ya mwili kuziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, kichocheo kinachoiondoa sukari kwenye damu, wala hakizuiliki kwa mazoezi. Mzazi ambaye mwanawe anacho asijilaumu hata siku moja kwamba hakumchezesha vya kutosha.

Natoka katika nyumba yenye ugonjwa huu. Mama yetu alikuwa nao, kaka yangu mkubwa anao, na mimi mwenyewe nilipopimwa asubuhi kabla sijala nilikutwa na 6.4. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani, mtu aliyekaa angalau saa 8 bila kula akapimwa akakutwa na milimoli 6.1 hadi 6.9 kwa lita yuko ukingoni, na kuanzia 7.0 huhesabiwa kuwa ana kisukari, ila asiye na dalili hupimwa tena siku nyingine ili kuthibitisha. Ninayoyaeleza hapa ndiyo ninayoyatenda tangu siku ile, hapahapa Tanga mjini, bila kulipa ada ya ukumbi wa mazoezi.

Misuli na sukari

Unapokula bada, wali au chapati, wanga wake huvunjwavunjwa tumboni ukawa sukari, nayo huingia katika damu. Ifananishe sukari hiyo na shehena iliyoshushwa bandarini kwetu. Bohari kubwa kuliko zote ni misuli yako, hasa ya mapaja na makalio, na insulini ni karani aliyeshika kibali cha kuifungulia. Kwa mtu anayekaa kitako kutwa nzima na ambaye mafuta yamemjaa tumboni, karani hupiga hodi na bohari huchelewa kuitika. Kongosho hulazimika kutuma makarani wengi zaidi mwaka hadi mwaka, mpaka linachoka, na shehena inabaki gatini, yaani ndani ya damu, ambako huanza kuharibu macho, figo, mishipa na miguu.

Jambo lililonipa moyo nilipolielewa ni kwamba msuli unaofanya kazi hufungua mlango wake wa pili, ambao haumngoji karani. Ukikanyaga pedali za baiskeli au ukitembea kwa kasi, misuli ya miguu huvuta sukari moja kwa moja kutoka kwenye damu ili ipate nguvu, hata kama insulini haifanyi kazi yake sawasawa. Wala faida hiyo haikatiki mara unapoketi, kwa kuwa kwa muda wa saa 24 hadi 72 baadaye misuli huendelea kuiitikia insulini vizuri zaidi kuliko ilivyokuwa kabla. Kutokana na hilo ndipo hupatikana kanuni moja ambayo ningependa msomaji aishike kuliko nyingine zote: usipitishe siku 2 mfululizo bila kuushughulisha mwili. Anayecheza mpira Jumapili peke yake, kisha akashinda ameketi hadi Jumapili nyingine, ifikapo Jumatano faida yake huwa imekwisha.

Hesabu ya mafungu

Mwaka 1986, katika mji wa Daqing ulioko kaskazini-mashariki mwa China, watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufikia kisukari waligawanywa katika makundi manne na kufuatiliwa kwa miaka 6. Katika kundi ambalo halikupewa mpango maalumu, takriban watu 68 katika kila 100 walipata kisukari. Katika kundi lililopewa mpango wa mazoezi peke yake, waliopata walikuwa 41 katika kila 100. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na haikuletwa na wanariadha. Ililetwa na watu wazima wa kawaida waliofundishwa kuongeza kidogo tu juu ya yale waliyokuwa wakiyafanya kila siku.

Namna walivyohesabu ndiyo niliyoichukua. Kazi yoyote ya mwili ilipewa thamani yake, nami thamani hiyo naiita fungu, kama fungu la nyanya au la dagaa sokoni, ambalo ukubwa wa kila kimoja kilichomo ndio unaoamua idadi yake. Fungu moja hupatikana kwa dakika 30 za kazi nyepesi, kama kutembea polepole, kuzunguka sokoni au kusafisha nyumba. Fungu hilohilo hupatikana kwa dakika 20 za kazi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, kuendesha baiskeli au kufua nguo nzito. Hupatikana pia kwa dakika 10 za kazi nzito, kama kukimbia polepole au kupanda ngazi, na kwa dakika 5 za kazi nzito sana, kama kuruka kamba au kuogelea. Watu wa Daqing walitakiwa kuongeza angalau fungu moja kila siku, na waliokuwa na umri usiofikia miaka 50, wasio na maradhi ya moyo, mafungu mawili.

Neno la kulizingatia hapo ni kuongeza. Mama ambaye tayari anafagia uwanja na kudeki kila siku asiyaandike hayo kuwa ni mafungu mapya, kwa kuwa mwili wake umekwisha kuyazoea na sukari imepanda huku akiyafanya. Kwa wiki ya kwanza usibadilishe chochote. Andika tu katika daftari ni dakika ngapi ulitembea, ulifua, ulibeba na ulikaa. Nilipofanya hivyo niligundua, kwa masikitiko, kwamba nilikuwa natembea chini ya dakika 15 kwa siku, kwa sababu bodaboda ilikuwa ikinichukua mlangoni na kunishusha mlangoni. Kwenda soko la Mgandini na kurudi kwa miguu hunichukua dakika 24, nami nilikuwa naulipia mwendo huo nauli ili nisiufanye.

Kuhusu kasi, usijidanganye. Mwendo wa haraka ni ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ukitaka kipimo cha namba, hesabu hatua zako kwa dakika moja kwa kutazama saa: zikifika 100, uko katika mwendo wa wastani unaohesabika. Sisi wa Ngamiani tuna bahati ambayo sijaiona katika miji mingi, kwa sababu mitaa yetu imenyooka na barabara zake zina namba badala ya majina. Pima mara moja ni dakika ngapi unazitumia kutoka Barabara ya 4 hadi ya 12 kwa mwendo wa haraka, na tangu hapo barabara zenyewe zitakuhesabia. Mtu mnene au aliyekaa muda mrefu bila mazoezi aanze na barabara 3 tu kwenda na kurudi, aongeze moja kila baada ya siku chache, wala asione haya.

Lengo la jumla ambalo Shirika la Afya Duniani lililitangaza mwaka 2020 kwa watu wazima ni dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki, ukichanganya na kazi za kuimarisha misuli angalau siku 2. Fungu moja la dakika 20 kila siku hukupa dakika 140 kwa wiki. Nyongeza ndogo tu inakufikisha. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, uliohusisha watu 3,234 waliokuwa ukingoni kama mimi, waliofuata dakika 150 kwa wiki pamoja na kula kwa kiasi na kupunguza uzito walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, ilhali waliopewa vidonge vya metformini, dawa ya kisukari, waliupunguza kwa asilimia 31. Walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito, ambayo kwa mtu wa kilo 80 si zaidi ya kilo 6.

Baada ya kula, hasa usiku

Kama msomaji atachukua jambo jingine moja tu katika ukurasa huu, baada ya ile kanuni ya siku 2, naomba liwe hili. Sukari hupanda zaidi katika saa moja au mbili baada ya kula, na huo ndio wakati ambao wengi wetu huwa tumeketi. Fikiria chakula cha usiku katika nyumba nyingi za Tanga: wali wa nazi au mkate wa kumimina, samaki wa kupaka, chai yenye sukari, kisha watu husogea barazani kwa mazungumzo hadi usingizi uwashike. Shehena kubwa kuliko zote za siku inashushwa wakati ambapo bohari zimefungwa kabisa.

Watafiti wa New Zealand mwaka 2016 waliwalinganisha watu wenye kisukari cha aina ya pili ambao walitembea dakika 30 kwa mkupuo, wakati wowote wa siku, na wakati ambapo watu haohao walitembea dakika 10 baada ya kila mlo mkuu. Jumla ya dakika ilikuwa sawa, lakini walipozigawa baada ya milo, sukari ya baada ya kula ilishuka kwa asilimia 12 zaidi, na baada ya chakula cha usiku ilishuka kwa asilimia 22 zaidi. Hakuna dawa iliyonunuliwa hapo. Wakati ulibadilishwa, basi.

Kwa hiyo sisi nyumbani tumehamisha mazungumzo. Tukishanawa mikono, tunazunguka barabara tatu nne tukiwa tunaongea yaleyale ambayo tungeyaongea barazani, kisha ndipo tunaketi. Mwanzoni majirani walidhani tunakwenda kwenye msiba. Sasa wapo wanaotusubiri mlangoni, na shangazi yangu, ambaye magoti yanamsumbua, hufuatana nasi hadi kona ya kwanza na kurudi, akifanya hivyo mara mbili. Kwa wanaokaa Chumbageni au karibu na Bustani ya Jamhuri, njia inayotazama bahari ni nzuri zaidi kwa sababu ya upepo, mradi muende wawili au zaidi na mchague njia yenye taa.

Katika mwezi wa Ramadhani mpangilio hugeuka, kwa kuwa futari hujaa wanga na sukari kwa mara moja: tende, uji, mihogo, tambi, kaimati. Kwenda msikitini kwa miguu na kusimama kwa tarawehe ni mwendo mzuri wa baada ya kula, na asiyekwenda msikitini ajitengee dakika zake 10 au 15 kabla hajajinyoosha. Mazoezi mazito ya alasiri mtu akiwa na saumu na kiu siyashauri.

Baiskeli

Mji wetu ni tambarare, na kwa muda mrefu baiskeli imekuwa kama miguu ya pili ya mtu wa Tanga. Nasikitika kuona vijana wakiiona kuwa ni chombo cha asiye na uwezo, kwa maana hakuna namna rahisi zaidi ya kufanyisha kazi mapaja bila kuumiza magoti. Anayekwenda kazini kwa baiskeli dakika 20 na kurudi dakika 20 amepata mafungu mawili kila siku ya kazi bila kutenga hata dakika moja ya mazoezi.

Yapo mambo matatu ya kuyaweka sawa kabla ya kuanza. Kwanza ni kimo cha kiti. Kaa juu ya baiskeli ukiwa umeegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu wako unapaswa kunyooka. Ukibaki umekunjika, pandisha kiti. Ukilazimika kuning'inia upande mmoja ili kuifikia, kishushe. Wengi wanaolalamika kwamba baiskeli inawaumiza magoti wamekaa chini mno. La pili ni upepo wa magurudumu na mnyororo, kwa sababu chumvi ya bahari hula chuma upesi, na mnyororo mkavu wenye kutu hukuchosha kabla moyo haujaanza kufanya kazi; uufute na kuupaka mafuta kila wiki. La tatu ni taa ya mbele na kioo chekundu cha nyuma, hasa kwa anayepita barabara kuu ya kuelekea Pongwe au Horohoro, ambako malori hayakuoni mpaka yamekufikia.

Kisha kanyaga mfululizo. Kusukuma mara tatu na kuachia gurudumu lijiendee hakuhesabiki kuwa dakika za kazi. Kaskazi ikivuma, safari ya kuelekea Raskazone huwa ni ya kupambana, nami siku hizo nahesabu fungu kwa dakika pungufu ya 20 kwa sababu pumzi yenyewe inaniambia kwamba kazi imekuwa nzito. Akina mama wanaoona taabu kuendesha hadharani wanaweza kuanza asubuhi na mapema wakiwa kikundi. Vazi la stara halizuii, mradi pindo lisikaribie mnyororo.

Wanaofanya kazi wakiwa wameketi

Kukaa muda mrefu bila kuinuka kunadhuru hata kwa yule aliyetembea asubuhi, na ushauri unaotolewa ni kuinuka angalau kila baada ya dakika 30, japo kwa dakika mbili au tatu. Hapa mabadiliko madogo ya mahali pa vitu yanafaa kuliko nia njema, kwa sababu nia husahaulika na kitu kilichowekwa mbali hakisahauliki. Jirani yangu fundi cherehani alikuwa na pasi yake ya mkaa kando ya kiti, anaifikia kwa kunyoosha mkono. Tulipozungumza akaihamishia upande wa pili wa baraza. Nguo moja ina mishono mingi ya kupigwa pasi, hivyo sasa huinuka, huvuka baraza, hupiga pasi akiwa amesimama, na kurudi, mara nyingi kwa siku kiasi kwamba hahitaji kukumbushwa na mtu. Muuza mboga naye anaweza kuuweka mzani mbali kidogo na kreti analokalia. Karani wa ofisini aweke maji ya kunywa chumba kingine. Dereva wa bajaji anayesubiri abiria stendi ya Kange asimame nje ya chombo chake badala ya kujilaza kwenye kiti cha nyuma.

Kwa upande wa nguvu za misuli sitasema mengi. Siku 2 kwa wiki, inuka kutoka kitini na kuketi tena mara 10 bila kushika chochote, pumzika, rudia mara mbili. Kisha sukuma ukuta kwa mikono, mwili ukiwa umeinama kidogo, kwa idadi hiyohiyo. Anayebeba maji abebe ndoo mbili ndogo, moja kila mkono, badala ya moja kubwa inayompinda mgongo.

Yanayohitaji tahadhari

Kaka yangu, ambaye tayari ana kisukari, alitaka kuungana nami katika mwendo wa asubuhi, akavaa kobazi mpya bila kuzijaribu. Tulikwenda Raskazone na kurudi, naye hakulalamika hata mara moja. Alipovua jioni tuliona lengelenge lililopasuka chini ya kidole gumba, bichi, lenye mchanga ndani, naye hakuwa amelisikia, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umekwisha kuua hisia za nyayo. Kidonda hicho kilichukua wiki nyingi kupona, na naumia kila ninapokumbuka kwamba ni mimi niliyemhimiza. Tangu hapo viatu vyake ni vya kufunika vidole, huvaliwa na soksi, hukung'utwa kabla ya kuvaliwa, na nyayo hukaguliwa kila jioni kwa kioo.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi azungumze na mtabibu wake kabla ya kuongeza mazoezi, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Jasho baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla au kuchanganyikiwa ni ishara za kusimama mara moja na kula kitu kitamu, ambacho inafaa awe nacho mfukoni. Kwa yeyote, maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi inayokata bila sababu ni jambo la kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Jua la pwani nalo lina nguvu, kwa hiyo tembea kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, na unywe maji. Wakati wa masika, tembea ndani ya nyumba kutoka mlango wa mbele hadi uani kwa dakika 10 baada ya chakula. Hakuna atakayekucheka ila watoto, nao watakufuata.

Sharti niseme pia kwamba mwendo haufuti kila kitu kinachoingia kinywani. Soda ya mililita 350 huwa na sukari ya takriban gramu 35 hadi 40, na mtu wa kilo 70 huhitaji karibu nusu saa ya mwendo wa haraka ili kutumia nguvu iliyomo ndani yake.

Kupima tena

Siku unapoanza, chukua futi ya fundi wa nguo, pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi kama kawaida bila kubana tumbo. Kwetu Waafrika, mwanamume mwenye sentimita 94 au zaidi na mwanamke mwenye 80 au zaidi huhesabiwa kuwa na mafuta ya tumbo yanayotia wasiwasi. Andika namba hiyo katika ukurasa wa kwanza wa daftari, chini yake uandike sukari uliyopimwa, na kila jioni uandike mafungu ya siku. Usipime kiuno kila siku. Mara moja kwa mwezi inatosha, asubuhi, kwa futi ileile. Kiuno changu hakikusogea hata kidogo mwezi wa kwanza, na mwezi wa pili kilipungua sentimita 2.

Baada ya miezi 3 rudi kwenye zahanati au kituo cha afya kupima sukari, ukiwa hujala tangu usiku, na uende na daftari lako ili mtabibu aone umefanya nini na si kusikia tu. Nilipokwenda nilikutwa na 5.9. Nimepangiwa kupima tena baada ya mwaka mmoja, na ukurasa wa daftari wa leo una mafungu mawili: moja la Mgandini kwa miguu, na lingine la barabara nne tulizozunguka baada ya kula.